Ambrosi na Mahindi ya Buluu

Ukiulizia nyumba ya Ambrosi Lyamba pale Kabungu, unaweza kuzungushwa asubuhi nzima. Ukiulizia kwa Meksiko, hata mbuzi angekuelekeza kama angekuwa na kidole. Ni nyumba ya tofali mbichi, karibu na barabara ya kwenda Mpanda, na ukutani kwake pamechorwa mifupa ya mtu mzima aliyevaa kofia pana, anacheza ngoma na kucheka meno yote nje. Juu ya mlango zinaning'inia bendera ndogondogo za karatasi zilizokatwa kwa mkasi zikatokea ndege, maua na nyota. Mvua ikizichana, Ambrosi hukata nyingine.

Ambrosi hakuwahi kufika Meksiko. Mji wa mbali kuliko yote aliofika ni Tabora, kwa treni, na alirudi akilalamika kwamba asali ya watu wa huko ina maji.

Alikuwa seremala na mkulima. Mwaka 1991 masista wa parokia walimwita abadili mlango wa stoo ulioliwa na mchwa. Kati yao alikuwamo mgeni, Sista Amparo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuimba, aliyetoka Meksiko kuja kuhudumia zahanati. Mchana Ambrosi alimkuta jikoni akiponda nyanya, pilipili, kitunguu na parachichi katika kinu kidogo.

"Karibu, fundi. Hivi vyote vimetoka kwetu," Sista alisema, kwa Kiswahili kilichokuwa bado kinatambaa.

"Sokoni Mpanda?"

"Meksiko! Nyanya, pilipili, parachichi. Kitunguu tu si chetu."

Ambrosi alicheka kwa adabu.

"Na maharage," Sista akaendelea. "Na maboga. Na mahindi."

Hapo Ambrosi aliweka randa chini. "Sista, nyanya chukua. Mahindi niachie. Mahindi ni ya babu yangu."

"Na babu yako aliyapata wapi?"

"Kwa babu yake."

"Na yeye?"

Ambrosi alikwenda na swali lile nyumbani, akalala nalo, akaamka nalo. Asubuhi alisimama shambani akayatazama mahindi yake kama mtu aliyeambiwa ukubwani kwamba jirani yake mkimya ni ndugu wa damu. Yalikuwa yamesimama na maharage yametambaa miguuni mwao na maboga yametandaza majani katikati, kama mama yake alivyopanda na bibi yake kabla ya mama. Alipomweleza Sista Amparo, yule mama alipiga makofi. Kwao wanapanda hivyohivyo, alisema, vitatu pamoja, kwa sababu vinapendana.

Tangu siku hiyo mlango wa masista haukuisha kuharibika. Ambrosi aliukaza bawaba, akaupiga randa, akauhamisha kitasa, na kila alipokuja aliondoka na jambo. Alijifunza kuchemsha mahindi na maji ya majivu mpaka maganda yakateleza, akayaosha, akayasaga yangali na maji juu ya jiwe, akabana donge likawa jembamba kama chapati, akaliweka juu ya kigae cha moto kisicho na mafuta. Sista aliuita mkate ule tortiya. Mke wa Ambrosi, Katarina, alionja kipande, akatafuna kwa muda mrefu akiangalia paa.

"Ni nzuri," alisema. "Lakini kazi yote hii, Baba Lucia, mtu si apike ugali alale?"

Siku nyingine alirudi na habari kwamba kule wanakula mpungate, ule mmea wa miiba uliopandwa kuzunguka makaburi ya misheni. Aliukata, akaukwangua, akaukaanga na kitunguu, akamkaribisha jirani. Kumbe kuna miiba mikubwa inayoonekana, na kuna midogo kama vumbi. Wiki nzima wanaume wawili walizungumza kama watu waliolamba kaa la moto.

Jirani huyo alikuwa Masele Machibya, Msukuma aliyehamia Kabungu na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, akanunua shamba lililopakana na la Ambrosi. Masele alikuwa mrefu, mpole, mwenye kucheka kwa mabega bila sauti. Tangu siku ya mpungate hakuacha kumtania.

"Meksiko, leo mnakula nini huko kwenu? Senyenge?"

"Senyenge tumekula jana. Leo nakuja kula kofia yako."

Mwezi Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, Sista alitandika meza ndogo akaweka picha ya baba yake, maua ya manjano, chumvi na mkate, akasema marehemu hutembelea nyumbani siku hiyo na si vizuri wakute jiko limelala. Ambrosi aliguswa. Alirudi, akaweka kiti cha marehemu baba yake uani, ugoro wake kando, na kikombe cha togwa. Katarina alipita na ndoo, akatazama, akasimama.

"Baba mkwe alikuwa hanywi togwa. Alikuwa anakunywa kangara. Unataka arudi kwa hasira?"

Akaenda mwenyewe akaileta kangara, pombe ya asali. Mwaka huo ndipo mifupa yenye kofia ilipopanda ukutani. Ambrosi alisema ni kifo kinachotaniwa ili kisijione bwana mkubwa. Watoto walikiogopa siku mbili, kisha wakakipa jina.

Mwaka 1994 Sista Amparo alihamishwa. Kabla ya kuondoka alimwita Ambrosi, akampa kopo la maziwa. Ndani yalikuwamo mahindi ya buluu, buluu ya kweli, kama anga ya jioni baada ya mvua.

"Yametoka shamba la mama yangu, milimani," alisema. "Mama amekufa, na ndugu zangu wamehamia mjini. Hakuna anayeyapanda tena. Mbegu ya mahindi haisubiri, Ambrosi. Ukikaa nayo miaka bila kuipanda, inakufa kopo likiwa limejaa."

Ambrosi alilipokea kopo kwa mikono miwili. Hakuahidi kwa maneno mengi. Alisema tu, "Nitaipanda, Sista," na kwa mtu wa Kabungu hilo ni neno zito kuliko kiapo.

Msimu wa kwanza alizipanda nyuma ya nyumba, nyingi zikaliwa na kuku. Alipata mahindi machache yenye punje za kupanda. Msimu wa pili aliona bora azipeleke shambani, penye udongo mzuri, kwenye mpaka. Alizipanda siku ileile mvua ilipokubali, siku ambayo kila mtu Kabungu aliinamia jembe, Masele naye akiwa upande wa pili wa mpaka akipanda mahindi yake meupe. Walipanda wakitaniana. Mahindi yao yakaota pamoja, yakawa marefu pamoja, na mwezi wa pili yakatoa mbelewele pamoja. Upepo ukashuka kutoka milima ya upande wa Mwese, ukapita kwa Ambrosi, ukaingia kwa Masele.

Mwezi wa tano Masele alimenya hindi la kwanza. Katikati ya punje nyeupe zilikaa punje za buluu, huku tatu, kule saba, kama uso uliotokwa na chunusi. Alimenya la pili. Alimenya kumi. Mistari yote ya karibu na mpaka ilikuwa hivyo.

Masele hakucheka kwa mabega siku hiyo. Mwezi wa nane alikuwa anamwoza binti yake, na wakwe walikuwa watu wa Kibaoni, watu wenye mahindi na mpunga na macho makali. Ugali wa harusi sharti uwe mweupe. Unga wenye madoa ungetoa ugali wa rangi ya majivu, na wakwe wangerudi kwao na hadithi.

"Mwaka wa njaa serikali ilituletea mahindi ya njano, tukayala tukayaita Yanga," alimwambia Ambrosi mpakani. "Haya nitayaitaje mbele ya wakwe?"

"Masele, ni mbelewele tu. Upepo ume—"

"Mimi najua ni upepo. Wewe nenda kawaambie wengine."

Wengine walikuwa wameshaanza kusema. Ilisemwa kisimani kwamba mahindi hayabadiliki rangi yenyewe. Ilisemwa kwamba mtu mwenye mifupa ukutani anajua anachofanya. Kabla maneno hayajaota miguu, Manyanda, mtemi wa sungusungu, walinzi wa kijiji, aliita mkutano. Manyanda alikuwa mfugaji mwenye tumbo kubwa na sauti ndogo, na watu walinyamaza ili wamsikie.

Ambrosi alikwenda akijua kinachotafutwa. Faini angeweza kulipa, matusi angeweza kumeza. Hofu yake ilikuwa mbegu ya Sista. Mavuno yote ya buluu yalikuwa yamejaa debe moja tu, na nje ya debe hilo, kwa jinsi alivyoelewa yeye, mahindi yale hayakuwepo tena duniani.

Mtu mmoja alisimama akasema habari za mifupa. Masele mwenyewe alimkata.

"Ile mifupa nimekula nayo chakula miaka minne. Mwenye kuniroga ni mpungate, na huo niliula kwa hiari yangu. Mimi sikuja hapa kwa uchawi. Nimekuja kwa ugali wa binti yangu."

Watu walicheka, na mkutano ukapata pumzi. Ambrosi alieleza jinsi vumbi la mbelewele linavyoruka likaangukia ndevu za hindi la jirani, na kila punje ina udevu wake mmoja. Manyanda alisikiliza kichwa kikiwa kimeinama.

"Kwa hiyo," alisema taratibu, "mahindi yako ni dume."

"Unaweza kusema hivyo, mtemi."

"Dume lako limeruka ua, limeingia zizi la Masele, limepanda ng'ombe wake. Sisi hilo tunalijua. Ndama ni wa nani?"

"Wa mwenye ng'ombe!" wafugaji waliitikia kwa sauti moja.

"Lakini mwenye ng'ombe hakumtaka ndama huyu. Ana harusi. Basi Ambrosi atachukua magunia yale ya madoa, atoe ya kwake meupe, gunia kwa gunia." Ambrosi aliitikia kwa kichwa. Hilo alilitegemea. "Na dume lisilofungika tunalifanyaje?"

"Linachinjwa," Manyanda alijijibu. "Tunalila. Jumamosi Ambrosi atapika hayo mahindi ya buluu yote, na mkutano huu utayala hapahapa. Isibaki punje."

Kwa desturi ya Wasukuma, faini huliwa pamoja, mlipaji na walipwaji wakitia mkono katika chombo kimoja, na jambo likishaliwa halizungumzwi tena. Kwa hiyo watu waliona hukumu ni nzuri, yenye shibe. Ambrosi alitaka kusema habari za mbegu, lakini watu walikuwa wameshaanza kutawanyika. Alirudi nyumbani akakaa karibu na debe kama mtu anayekaa na mgonjwa.

Katarina alikuwa na hasira zake, na zilikuwa nyingi. "Mwaka mzima tutakula ugali wa madoa! Meupe yangu yote yameenda! Na wewe umekaa hapo unalikumbatia debe." Kisha alimwangalia vizuri mumewe, akaacha ndoo, akakaa naye chini.

"Huwezi kuficha kopo moja?" alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Walisema isibaki punje. Nikificha, Masele nitamtazamaje?"

Katarina alifikiri. Alisimama, akajifunga kanga kiunoni. "Sawa. Kama wametuhukumu kwa chakula, watakula mpaka waombe radhi. Nionyeshe majivu yanaingia kiasi gani."

Ijumaa walichemsha. Maji ya majivu yaligeuka rangi ya zambarau, na yale mahindi, yalipooshwa, yalilala kwenye ungo yakimeta. Wanawake watatu wa jirani waliokuja kuchungulia walijikuta wanasaga. Jumamosi walipanga mafiga uwanjani, wakaweka vigae, na Ambrosi akabana mkate mmoja mmoja kwa kiganja akiutua juu ya moto. Kulikuwa na maharage, maua ya maboga yaliyokaangwa, nyanya na pilipili na parachichi zilizopondwa. Ambrosi hakuwa na furaha, lakini mikono yake haikujua kupika vibaya. Alitundika hata bendera zake za karatasi kati ya miti miwili. Alisema kama ni maziko, basi yawe ya Kimeksiko.

Watu walitazama mikate ile ya rangi ya jiwe lililolowa maji. Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Aanze mtemi," mmoja alisema.

"Aanze mwenye ng'ombe," Manyanda alijibu haraka.

Masele alijikuna shingo. Kabla hajaamua, mama yake, Bibi Ngolo, aliyeletwa kwa sababu harufu ilikuwa imemfikia nyumbani, alichukua mkate, akauchovya kwenye maharage, akala. Bibi Ngolo alikuwa na meno machache, na mkate ulikuwa laini. Alikula wote. Akachukua wa pili.

"Masele," alisema, "huu ni mweusi kama ugali wa uwele wa kwetu. Ule mama yangu aliokuwa anausonga kabla nyie hamjaanza kuringa na mahindi meupe." Akacheka. "Hata harufu ya majivu ipo! Nilikuwa nimeisahau."

Baada ya hapo hakuna aliyesubiri mwenzake. Mikono ilipishana, pilipili iliwatoa watu machozi, Manyanda alifungua kifungo cha shati. Ambrosi alibana mikate, alibana, mpaka akakwangua chombo na kutengeneza mkate mmoja wa mwisho, mdogo kama wa mtoto. Alimpa Bibi Ngolo.

"Mwingine, mwanangu."

"Umeisha, mayu," Ambrosi alisema, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Basi utatupikia mwaka ujao."

"Mwaka ujao haupo, mayu. Hiyo ndiyo ilikuwa mbegu."

Bibi Ngolo aliacha kutafuna. Aliutazama ule mkate mdogo mkononi, akawatazama wanaume waliokuwa wanapangusa midomo.

"Mbegu?" aliuliza. "Mmekula mbegu?"

Kila mmoja pale alikuwa amelelewa katika nyumba ambamo, hata njaa ikaze vipi, kibuyu cha mbegu hakiguswi. Mwenye kula mbegu hutajwa miaka na miaka. Na wao walikuwa wameila mchana, kwa kelele, na pilipili.

"Manyanda!" Bibi Ngolo alisema. "Wewe nilikuona ukiwa uchi unachunga ndama. Nani alikufundisha kula mbegu ya mtu?"

"Mayu, ilikuwa dume..." sauti ndogo ya mtemi ilizidi kuwa ndogo.

"Dume linaliwa kama ndama wapo! Ndama wake wako wapi?"

Ambrosi alikuwa ameinama, anafuta kigae. Aliinua kichwa. Katika stoo yake yalikuwa yamesimama magunia ya Masele, yenye madoa. Huku punje tatu, kule saba. Alikuwa ameyahesabu kuwa adhabu, akawa hayatazami. Mbegu ya Sista ilikuwa humo. Lakini mkutano ulisema isibaki punje, na yeye alikuwa mtu wa kushika neno. Aligeuka kwa Masele, akasema kwa uwazi mbele ya wote:

"Jirani, mtemi alisema ndama ni wa mwenye ng'ombe. Gunia nimebadilishana na wewe, lakini zile punje za buluu ni ndama wako. Ukisema nizisage zote, nitazisaga. Ukisema nizichague nizipande, nitakuwa nimezipata kwako."

Watu wakamgeukia Masele. Masele alimtazama mama yake, ambaye alikuwa anaukumbatia mkate wa mwisho bila kuula. Akamtazama Ambrosi. Mabega yakaanza kutikisika.

"Nakupa," alisema. "Lakini dume lako ulifunge."

"Nitalifungaje? Upepo hauna kamba."

"Mimi nikipanda, wewe kaa. Usitie jembe mpaka nikuambie. Yangu yakishakausha ndevu, ya kwako ndiyo yatoe mbelewele. Yasionane."

Manyanda alikubali haraka, kama mtu aliyetolewa mwiba. Bibi Ngolo ndipo akaula mkate.

Harusi ilifanyika mwezi wa nane, na ugali ulikuwa mweupe hata wakwe wa Kibaoni wakakosa la kusema. Miezi iliyofuata Katarina na Ambrosi walikaa jioni baada ya jioni na ungo kati yao, wakichagua punje za buluu. Hazikuwa buluu ya Sista kabisa, zilikuwa zimechanganya damu, nyingine zambarau, nyingine kama moshi. Katarina, aliyeapa hatagusa Meksiko tena maishani, alikuwa na jicho kali kuliko mumewe, na alimtolea punje alizokuwa ameziruka.

Mvua zilikuja mwishoni mwa Novemba. Kabungu nzima iliinamia jembe. Ambrosi alipanda meupe yake, akaacha kipande cha mpakani wazi, kimelimwa, kimenyooka, akakaa pembeni yake na kopo mapajani. Wapita njia walimshangaa.

"Meksiko, umekuwa mlinzi wa udongo?"

"Nasubiri ruhusa ya mwenye ng'ombe."

Kila asubuhi Masele alikuja mpakani, akanyoosha shingo kuyatazama mahindi yake yaliyokwisha kuota, akapima kwa jicho, akasema, "Bado." Mahindi yakafika kwenye vifundo vya miguu. "Bado." Yakafika magotini, na Ambrosi akaanza kuliangalia wingu kama mtu anayeangalia treni inayotaka kuondoka.

Krismasi ilipita. Asubuhi iliyofuata Masele alikuja na Bibi Ngolo amemshika mkono. Yule mama alikuwa amebeba jembe lake mwenyewe, la mpini mfupi.

"Bado?" Ambrosi aliuliza.

"Mimi nilitaka kusema bado," Masele alijibu. "Mama amekataa."

Bibi Ngolo alikuwa ameshavuka mpaka, ameinama, anachimba shimo la kwanza. Alinyoosha kiganja nyuma bila kugeuka.

"Lete," alisema.

Ambrosi akafungua kopo.